Barafu kwa Mzabibu

Kwetu zabibu ilikuja imekauka tayari,
ndani ya pakiti, kwa ajili ya pilau,
na mama alizihesabu ili zifike sahani zote.
Hatukujua kama ina shina, ina majani,
na majani yenyewe yana meno kama msumeno.

Etore alikuja nao Malindi ndani ya soksi mbichi,
kijiti cha urefu wa mwiko,
kutoka mlima ambako, alisema, yamebaki mashamba mawili tu:
la kwao, na la jirani waliyekosana.
Baba akaupanda nyuma ya nyumba yake, Mayungu,
akauita Bi Mgeni, akawa anausalimu kila asubuhi.
Siku ya tatu hatukumpa jembe.
Mwaka wa tatu naye hakutupa kitu.

Ulipanda ukuta, ukashika bomba, ukazunguka dishi la televisheni,
majani Januari hadi Januari.
Tunda, hakuna.
“Haulali,” Etore alisema. “Kwao theluji huufunika miezi minne.
Mti usiolala utazaa lini?”
Baba akamwonyesha kipupwe: Julai,
sisi sote na sweta, watoto wanapiga chafya.
Mzee akacheka, amevaa kaptura.

Msikitini walimuuliza:
Shebwana, unakinywesha maji kitakachokuwa pombe?
Akajibu huku akitafuta kandambili zake,
mzabibu hauna kosa, kosa ni la pipa.
Lakini njiani nilimsikia akilirudia jibu lile
kama mtu anayehesabu chenji.

Kisha Etore akarudi kwao kutibiwa moyo,
akaacha funguo, mbwa, na mshahara wa miezi miwili.
Kisha mama.

Baba akakosa usingizi.
Usiku wa kumi na moja alichukua mkokoteni
akaenda ghala la samaki, akanunua barafu,
akaukata mzabibu majani yote kwa mkasi wa mama wa kushonea,
akalizungushia shina barafu inayonuka changu,
akafunika kwa magunia, akakaa.
Kesho yake tena.
Risiti ninazo: ishirini na tisa.
Arobaini ilipofika watu walikula pilau uani,
yeye ana tope magotini.

Sikuuliza. Nilidhani ni wazimu, na labda ulikuwa.

Ukabaki kijiti cheusi. Tukasema umekufa,
msiba wa pili mwaka ule.
Oktoba ukachipua.
Februari, kichala kimoja, punje kumi na tatu,
nyeusi upande huu, kijani upande ule,
kama zimeshindwa kuamua.

Tukampigia Etore. Simu ikaita, ikaita,
ikapokewa na mwanamke mwenye maneno marefu, ya polepole.
Baba akaitikia “si, si”, ndiyo ya kwao,
mpaka ikageuka si ya kwetu.

Tulizila kwa chumvi na pilipili, kama ukwaju.
Kali, meno yakafa ganzi.
Baba alikula tano, akasema: mama yako angezihesabu.
Akalala pale pale juu ya magunia, mchana kweupe,
mdomo wazi, nzi mmoja akimzunguka.

Tangu hapo hauzai. Nyumba imeuzwa,
mwenye nyumba mpya anataka bwawa la kuogelea.
Mimi nina mbegu mbili ndani ya kopo la majani ya chai.
Hazijaota.
Kila Julai naziweka kwenye friji ya jirani,
nyuma ya maziwa,
na Bi Tima hajaniuliza.