Farasi Ndani ya Nywila

Miaka kumi na tisa Bibi Dulmaa, mhasibu wa ghorofa ya tatu,
amefungua barua pepe ya kazini kwa jina la farasi.
Nimelijua leo, bila kulitafuta.
Lilikuwa chini ya kibodi, kwenye karatasi iliyofifia:
Khongor, kisha mwaka aliokufa.

Nje, Ulaanbaatar imejitanda moshi wa makaa,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yamewasha taa saa nne asubuhi.
Ndani, chai ya maziwa na chumvi inapoa
kati ya mafaili ya sufi ya mbuzi:
kilo, daraja, rangi, urefu wa unyoya.

Mwizi hakuvunja mlango.
Aliita jina la farasi, akafunguliwa.
Wiki sita alikaa, nimezihesabu kwenye kumbukumbu za seva,
asiguse kitu. Alisoma tu.
Alijifunza nani hulipa Ijumaa
na nani halipi mpaka asukumwe.
Kisha, kwenye mipangilio ambayo hakuna anayeifungua,
akaandika kanuni moja fupi:
kila barua yenye neno malipo
niletee nakala, kisha ifiche.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Huyu alikuwa ndani ya mshono.

Jumanne ikaja barua ya Tarcisio Boggio,
mnunuzi wetu wa Biella, tangu enzi za faksi.
Nembo yake, sahihi yake, hata koma zake.
Benki tumebadilisha, tafadhali
rejesheni ile ziada kwenye akaunti hii mpya, leo.
Anwani ilipungukiwa herufi moja,
nami ninayelipwa kuona herufi
sikuiona.

Dulmaa alishajaza fomu. Kidole kilikuwa hewani juu ya kitufe.
"Hajaniuliza goti," akasema.

Goti gani?

"Goti langu. Miaka kumi na moja, kila barua,
kabla ya bei, kabla ya meli,
huniuliza goti linaendeleaje kwenye baridi."
Akainua simu. Huko Biella hakujakucha sawasawa.
Boggio akaitika kwa sauti ya usingizi:
benki ni ileile, hakuandika chochote,
na goti, je?

Basi nikaanza kazi yangu.
Nikafuta kanuni. Nikatoa nje kila kifaa
kilichokuwa kimeingia, hata chake.
Nikamwambia: nywila mpya, ndefu,
sentensi nzima ukitaka, isiwe jina,
isiwe mwaka, isikae chini ya kibodi.
Na simu itakuletea tarakimu sita kila unapoingia.

Alinyamaza. Akaikunja karatasi mara nne.
"Solongo," akasema, "mume wangu alimjua, hayupo.
Kaka yangu alimjua, hayupo.
Kila asubuhi nilikuwa namwita kwa vidole,
naye anakuja, ananifungulia.
Sasa nitamwita wapi?"

Kwenye mwongozo wangu wa kurasa arobaini
hakuna ukurasa wa swali hilo.
Nikageukia dirisha, kama inavyotakiwa,
mtu anapotunga nywila yake.
Nikasikia vitufe, vingi, taratibu,
kisha kimya, kisha tena vingi,
nikadhani nasikia mnyama akipita kwenye barafu,
akipima kwanza kwa kwato moja.

Asubuhi ya leo simu yake ikalia.
"Nne!" akatangaza, miwani puani,
ofisi nzima ikisikia, "saba! saba! sifuri..."

Bibi, nikamwambia, usisome kwa sauti.

"Kwa nini? Zinakufa baada ya dakika moja,
wewe mwenyewe ulisema," akajibu,
akamalizia mbili zilizobaki kwa kunong'ona,
kunifurahisha tu,
kisha akafungua barua ya kwanza, ya Boggio,
akaisoma huku akilisugua goti.