Wati Mia Tano na Hamsini

Zloti elfu mbili na mia nne.
Zimelala kwenye meza ya jikoni chini ya kikombe cha babu,
zisipeperuke mlango ukifunguliwa
na baridi ya Gdynia ikaingia bila hodi.
Miezi saba ya kupiga magoti mbele ya miguu ya watu:
samahani mama, namba arobaini imekwisha.

Nimeandika nyuma ya risiti.
Prosesa, mia nne na themanini;
si ile niliyoiota, ni mdogo wake,
ana viini sita na adabu ya kula umeme kidogo.
Ubao mama, mia tatu thelathini.
Kumbukumbu, vijiti viwili, mia na tisini.
Diski, mia mbili na kumi.
Kadi ya michoro niliifuata Sopot,
kwenye maegesho ya duka la samani.
Bogumił aliipangusa vumbi kwa mkono wa koti.
"Mke wangu atajifungua Februari," alisema,
"usiku sitakuwa na nafasi ya kuua mazimwi."
Niliinusa kama mtu anusavyo samaki sokoni.
Haikunuka kuungua. Mia saba na hamsini.

Kisha kigawa umeme, mia na ishirini tu,
ili ibaki ya kasha: mia mbili na sitini,
ubavu wa kioo, taa zinazobadilika rangi.
Hesabu ilikubali. Nikaipigia mstari chini, mara mbili.

Babu Zdzisław hajui viini ni nini.
Miaka thelathini na mmoja alichomelea meli,
sikio la kushoto akaliacha hukohuko.
Kidole chake kikashuka na orodha
kikasimama penye mia na ishirini.
"Hiki ndicho kinachopokea umeme wa ukutani?"
Ndiyo.
"Na vingine vyote hunywa kwake?"
Ndiyo, babu.
Akavua miwani.
"Tuliwahi kuletewa transfoma ya bei ya kutupa.
Waldek ana vidole saba mpaka leo."

Nikamwambia mtu hujikuna ajipatapo.
Akanijibu: basi jikune, usijichune.

Siku tatu hatukusemezana ila kuhusu chumvi.
Nilijaribu kupunguza diski, nikaona nakata pua niunge wajihi.
Siku ya nne nilinunua cha mia tatu,
wati mia tano na hamsini, kizito kama tofali,
na kile kioo nikakifuta kwa kalamu
polepole, kama jina la mtu.

Jumapili kulitoka kelele chumba cha chini.
Mashine ya kufulia ya marehemu bibi
ilikuwa imelala chali, imechunwa bati.
Babu amepinda kona, ametoboa matundu ya skrubu,
na ubavuni amepachika ule mlango wake wa duara,
kioo nene, bawaba zake zilezile.
"Ulitaka dirisha," alisema.

Tulinunua feni mbili, arobaini na tano kila moja.
Hamsini iliyobaki tulikula maandazi ya jamu.

Nikabonyeza swichi.
Kimya.
Nikabonyeza tena. Babu akageuza sikio lake zima.
Nikahesabu upya mia zote zile, moyoni, moja moja,
kabla ya kuona kijiti kimoja cha kumbukumbu kimekaa upande.
Nikakisukuma kwa gumba, kikalia *tak*,
na feni zikaanza, nyuma ya mlango wa kufulia,
kuzunguka bila nguo.

Kaka yangu Tymon alikuwa akinisubiri Rotterdam,
usiku wake na wangu mmoja, skrini mbili.
"Na humo ndani," babu akauliza, "mnafanya nini hasa?"
Tunaunda meli, babu. Za kwenda kwenye nyota.
Akavuta kiti.
Akatazama muda mrefu bila kusema neno,
kisha akagusa skrini kwa ukucha:
"Mshono ule pale," akasema, "utavuja."