Gari la Keki

Wamemjazia gesi mara tatu tangu Mfunguo Mosi.
Mara tatu katoa pesa. Baridi ikakaa siku tisa,
siku kumi, kisha ikaondoka bila kuaga.

Leo Bi Mize Khatib hasemi neno.
Anafungua mlango wa nyuma wa Noah:
keki ya ghorofa tatu, ya harusi ya Konde,
imeinama kama mtu anayedukiza ukutani,
na mawaridi ya krimu yamemwagikia zulia.

Namwambia: mimi sijazi tu.
Anayejaza ndoo iliyotoboka
anauza maji.

Kwanza povu. Sabuni, maji, mswaki mkuukuu.
Napaka bomba nene, bomba jembamba, shingo ya kompresa,
nangoja jicho moja la povu lifumbuke.
Halifumbuki.
Kondensa, iliyolambwa na chumvi ya bandarini Wete,
ndiyo niliyoishuku tangu asubuhi.
Naipaka mara mbili. Haina kosa.
Naiomba radhi.

Sleyum, mwanafunzi wangu, anazima redio, anafukuza kuku,
anatega sikio. Hapana kitu.
Uvujaji mdogo ni siri ya ndani ya nyumba,
unaijua kwa kupungua.

Basi nikatia rangi, na gesi kidogo ya kuisukuma,
ile rangi inayong'aa kijani kwenye taa ya zambarau.
Nikamrudishia funguo: nenda Gando, rudi, nenda Mtambwe,
washa baridi hata ukiona haipo.

Siku ya nne kaja baada ya isha,
maana taa yangu mchana haioni.
Tulipokuwa tunafunga madirisha ya gereji
umeme wa Limbani ukatuhurumia, ukakatika wenyewe.
Chini ya boneti, giza tupu.
Halafu Sleyum, kalala chali chini ya gari,
penye kijibomba kinachotoa maji ya baridi:
"Fundi, huku kuna mtu analia kijani."

Koili ya ndani, basi. Nyuma ya dashibodi.
Skrubu arobaini na moja, nikazihesabia kwenye kikombe cha chai.
Na huko, katikati ya mapezi yake:
vumbi lenye harufu ya karafuu,
kibanio cha nywele za mtoto nisiyemjua,
na jani jekundu la vidole saba,
la mti usioota Pemba wala Unguja.
Mwenyewe wa kwanza aliegesha chini yake, huko Japani,
na jani likasafiri bila tiketi,
likashika unyevu mwaka baada ya mwaka
mpaka alumini ikaliwa
tundu ambalo hata sindano ingepiga hodi.

Koili mpya ilikuja na boti Jumaane.
Oringi mpya, nikazipaka oili kwa kidole cha mwisho.
Nikawasha pampu, ikafyonza saa nzima,
mshale wa geji ukazama chini ya sifuri.
Nikazima. Nikavuta kigoda.
Nusu saa niliutazama mshale usiotikisika,
na sikumbuki kama nilipepesa.
Ndipo gesi, kwa mizani, gramu kwa gramu.

Bi Mize aliisoma bili mara mbili, akaguna, akalipa.
Jani akalichukua. "Hili nalo bei gani?"

Ijumaa nilialikwa Konde.
Keki imesimama wima kama askari wa zamu,
na juu kabisa, kwa sukari nyekundu, vidole saba.
Jirani yangu mezani akalitazama sana,
akasema: mashallah, jani la muhogo.