Somo Yangu

Kwenye fomu ya kitambulisho niliandika jina: Malagarasi.
Karani akalikata kwa kalamu nyekundu.
"Nimeuliza jina, mama, sikuuliza umetoka wapi."
Nikamwambia, ndilo hilo.
Akatazama foleni nyuma yangu, akacheka kwa pua,
akaandika upya, na herufi moja akaila.
Kwa serikali mimi ni Malagarsi,
mto uliopungukiwa.

Nilizaliwa ndani ya behewa la daraja la tatu,
mwaka ambao maji yalimega tuta la reli
na treni ikalala siku mbili hatua chache kabla ya kuvuka.
Mkunga alikuwa muuza mawese wa Simbo,
viganja vyake vikiteleza;
alinidaka, husimuliwa, kama mtu anavyodaka mgebuka.
Baba, mtu wa genge la reli,
alichungulia dirishani kutafuta jina
akaona kitu kimoja tu, pande zote.

Tuko wengi. Ipo stesheni.
Kipo kijiji chenye stesheni.
Ipo nyumba ya wageni, vyumba sita, choo nje,
ambako marehemu mume wangu alinipigia simu:
"Leo nalala Malagarasi,"
nikamuuliza, yupi?
Lipo lori la chumvi lenye jina hilo kwenye paji la uso, breki mbovu.
Na yupo mbuzi wa jirani yangu Bukuru,
aliyepewa jina makusudi
ili atukanwe kila magharibi mimi nikisikia.

Hapa Uvinza, mwenye jina lako ni somo yako.
Mnataniana, mnadaiana soda,
na akikosea yeye, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa.
Nilimdai sana. Nilifua kwake, nikaoga, nikachota,
nikamtusi siku aliyomeza kandambili zangu za buluu.
Sikuwaza kwamba deni lina ng'ambo mbili.

Masika ile Ndabaniwe, mtoto wa Kezia Ntahondi,
miaka tisa, alikwenda kutega kambale.
Mtumbwi ulirudi.
Tangu alfajiri mji mzima ulikuwa na sentensi moja:
Malagarasi kamchukua mtoto wa Kezia.
Kisimani, sokoni, kwenye mashine ya kusaga:
Malagarasi kamchukua.
Malagarasi hajamrudisha bado.
Nami kibandani, napima chumvi,
mkono umeshindwa kusawazisha kikombe.

Siku ya tatu alimrudisha. Kwenye matete.

Nilikwenda msibani na debe la chumvi kichwani.
Wanawake wakanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.
Nikasema, "Nimekuja kwa niaba ya somo yangu,"
sauti ikanitoka ndogo, ya kuazima.
Shuleni somo ni kitu cha kujifunza.
Sikuwa nimejifunza lolote.
Kezia hakuniangalia. Mvua ilikuwa inavuja.
Alinyoosha mkono mmoja,
akalivuta debe lisipatwe na matone ya paa.
Basi. Hilo tu.

Miaka minne alinunua kwangu akiniita wewe.
Wewe, nipimie. Wewe, chenji yangu.
Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningehama
nikatafute mji ambao maji yake
yana jina la mtu nisiyemjua.
Usiku nilijaribu kujiita mwenyewe, polepole,
nikasikia tope.

Juzi asubuhi, ukungu ungali umekaa relini,
sauti ilinifikia kabla sijamwona mtu:
"Malagarasi! Chumvi imeniishia!"
Mbuzi wa Bukuru akawa wa kwanza kuitika.
Kezia akasimama pale pale njiani, kapu mkononi,
akamtazama mbuzi, akanitazama mimi,
na kitu kikamcheza pembeni mwa mdomo, kikatoweka.
Sikupata la kusema.
Nikajaza kikombe mpaka kikafurika,
nikaacha kifurike.