Acha Wazi

Mwezi wa tatu Loleza huvaa wingu mpaka magotini,
nasi hupanga ndoo kabla ya kupanga vitabu:
moja chini ya Sheria, mbili chini ya Kilimo,
na beseni la bluu la Bi. Sekela wa usafi
pale Falsafa, ambako tone huanguka taratibu
kama mtu anayefikiri.

Alfajiri mlango una kufuli, na ngazi imejaa mawe.
Kila jiwe ni mtu kwenye foleni.
Hili jeupe ni la Lugano, mwaka wa pili.
Kandambili moja ni ya binti wa Rungwe asiyetaja jina.
Ganda la parachichi lenye kalamu ndani, sijui la nani.
Viti mia na arobaini; wanafunzi elfu sita.
Wengine husoma wima,
daftari juu ya mgongo wa mwenzao,
na mwenzao hathubutu kukohoa.

Nimeandika barua ya bajeti mara tisa.
Ya kwanza ilikuwa na adabu,
ya nne ilikuwa na jedwali,
ya saba niliambatanisha picha ya panya.
Jibu ni mhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA.
Imepokelewa, kama mgeni aliyekaribishwa
akaachwa barazani bila kigoda.

Kisha wakasema: nafasi ya nini tena?
Siku hizi rafu ziko hewani.
Nami nilifurahi, nisiseme uongo.
Majarida elfu kumi na mbili, hayana vumbi, panya hayawezi!
Neno la siri nililibandika kwenye nguzo kwa selotepu,
watu wakaja na simu zao zilizopasuka vioo
wakanywa.
Tarehe thelathini Juni, usiku, ada ikakoma.
Kitabu kikiibwa huacha pengo kama jino,
unaingiza kidole, unaijua hasara.
Rafu hii haikuacha hata pengo.
Kumbe tulikuwa wapangaji,
na mwenye nyumba hatumjui sura.

Sasa tuna skana moja, na Tusajigwe,
kijana anayejitolea kwa chai na maandazi mawili.
Anageuza tasnifu za zamani, karatasi kwa karatasi;
mwanga unapita chini ya kioo kama kurunzi ya mlinzi.
Umeme ukikatika anasubiri, kiganja juu ya ukurasa,
asije akapoteza alipofika.

Jumanne moja aliita, sauti imebadilika.
Stashahada, pareto ya Umalila,
taipureta yenye herufi e iliyokatika mkia.
Jina la mwandishi lilikuwa la mama yake,
mama auzaye mbegu za viazi Uyole,
ambaye hakuwahi kusema kwamba aliwahi kuhesabu maua.

Arobaini na moja mpaka hamsini na sita
zilikuwa zimenyeshewa, zikagandana, zikawa mkate.
Tulijaribu kisu, tukajaribu mvuke wa birika.
Basi akampigia, akaweka spika.
Kimya. Kisha: "Hicho kitu bado kipo?"
Akaanza kutuambia, toka kichwani,
mvua ya msimu ule, umbali wa mche na mche,
"subiri, nina mteja… debe au nusu?… haya, andika,"
na Tusajigwe akaandika, na mimi nikashika ndoo
isidondokewe kibodi.

Alipofika shamba la nne alisita.
"La nne nimelisahau.
Usibuni, mwanangu. Acha wazi.
Atakayekuja atapanda apime."

Tuliacha wazi.
Faili liko kwenye diski ambayo kila jioni
naifunga kwa kitenge, naiweka kwenye kikapu,
juu kabisa, viazi chini,
nateremka nayo nyumbani kwa miguu
kwa sababu chumba cha mitambo nacho kinavuja.

Barua ya kumi nimeianza.
Bi. Sekela ananiita: beseni limejaa.