Tarakimu Sitini

Yadviga, karani wa hospitali ya Grodno,
amefuta programu tatu kabla supu haijapoa:
moja yadai namba ya kitambulisho,
nyingine yaweka nakala ya kila neno kwa wenyewe,
ya tatu ina vikatuni vizuri mno.

Hii ya nne haina mbwembwe.
Kufuli dogo, na tarakimu sitini
anazomsomea Stasya mezani, mbilimbili,
kama ahesabuye vidonge.
Zinalingana.

Kesho majina ya waliopigwa yatavuka mpaka,
yasomwe, yajifute.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Yadviga anakitazama kidole cha Stasya
kinachofungua simu hata mwenyewe akiwa usingizini,
au akiwa ameshikwa mkono.
“Hicho,” anasema, “tukistaafishe kwanza.”