Ini Linalong'aa

Miaka kumi na minne nimo chumba hiki kisicho dirisha,
Torreón, ghorofa ya chini ya hospitali.
Nje vumbi la Mei limeifuta milima,
ndani mimi na mashine, na jeli ninayoipasha viganjani
maana watoto hushtuka ikiwagusa baridi.

Leo kalala Rosendo, miaka kumi na mmoja,
fulana kaivuta hadi kidevuni, macho darini.
Shingoni pana weusi ambao mamaye huusugua kwa limau
akidhani ni uchafu.
Sijasema kitu. Yangu ni kupiga picha,
kusema ni kazi ya daktari.

Nateleza chini ya mbavu, upande wa kuume.
Ini la mtoto hutakiwa lifanane na figo jirani yake,
kijivu kwa kijivu, mawe mawili ya mto mmoja.
La Rosendo linang'aa.
Jeupe, jeupe, kama nyumba iliyowashwa taa zote
na ndani hamna mtu.

"Inapendeza," anasema. "Hiyo nyeupe ni nini?"

Nitalipata wapi neno?
Tumelelewa tukiambiwa nuru ni heri, giza ni shari;
kwenye kioo hiki mambo yamepinduka.

Baba yake, Evelio, fundi wa friji,
kasimama mlangoni, kofia mkononi.
Daktari kamwambia neno moja, mafuta,
na jingine ambalo limemkwama kooni:
ini hili ungedhani la mlevi.
"Mwanangu hajaonja hata povu," ananiambia mimi, si daktari.
Anatoa pochi, na ndani ya pochi
kadi iliyolainika kama kitambaa:
kiapo chake mbele ya Bikira,
mwaka aliozaliwa Rosendo, wiki moja baada ya kumzika babu
aliyekufa macho ya manjano, tumbo limejaa maji.
"Bia haijavuka kizingiti changu tangu siku ile."

Namwamini. Nazijua nyumba kama hizo.
Bia ilipotoka, mezani palibaki pengo la chupa,
na maji ya bomba huku kwetu nani anayaamini?
Basi ikaingia soda, ya lita tatu,
ikakaa palepale ilipokuwa ikikaa bia,
wakamiminiwa watoto kwanza, kwa mapenzi,
asubuhi na mkate wa sukari, jioni na maharage,
na mchana, nje ya geti la shule,
ndani ya mfuko wa plastiki wenye mrija.
Hakuna aliyemlaza mtoto huyu njaa.
Hakuna aliyemlevya.
Walimpenda funda kwa funda,
na ini likaweka akiba,
likaweka, likaweka,
kama bibi aliyewahi kuuona mwaka wa ukame.

Yako maneno ya kukata maini. Nayajua, niliyameza.
Nikasema ninaloruhusiwa, na kidogo nisiloruhusiwa:
kwamba ini halina kinyongo,
ukilipunguzia mzigo lingali changa, huanza kurudi.
Si kwa siku moja. Si kwa kila mtu.

Evelio akaitazama kadi.
Akaomba kalamu.
Nikadhani ataandika jina la dawa, au tarehe ya kurudi.
Aliandika chini ya kiapo cha zamani,
kwa herufi za mtu asiyeandika mara nyingi,
neno moja tu,
kisha akailaza kadi juu ya jalada la mtoto, wino ukauke.

Rosendo alikuwa akijifuta jeli kwa karatasi.
Alisoma kichwa chini miguu juu.
"Baba, hata Jumapili?"

Hakujibiwa.
Nikamwita anayefuata: msichana wa miaka tisa,
shingo imesuguliwa hadi imeiva nyekundu.